Washenga Wako Ilembo, Mama Yuko Toledo

Suzana alikuwa amevimba kwa hasira, na jua la Toledo lilizidi kumchochea. Ametoka Mpanda, amepanda ndege, amezunguka vichochoro vya mawe ndani ya ukuta mkongwe wa Wahispania, yote kwa sababu moja: apate kanisa la kale, apige magoti, amwombe Mungu avunje uchumba wa binti yake Glory na yule kijana wa Kiislamu wa Kakese. Na huko Mpanda, nyumbani kwake mtaa wa Ilembo, washenga walikuwa sebuleni tangu asubuhi. Mumewe, Apolinari, hakutaka kuwajibu peke yake.

"Hili lilikuwa msikiti," Padri Nestori, kiongozi wa kundi lao la mahujaji, alitafsiri maneno ya mtembeza wageni katika kanisa la kwanza. "Baadaye likawa kanisa."

Suzana, aliyekwisha kukunja goti moja, akasimama. Aombee hapo, kweli? Si ni sawa na kwenda kumshtaki mtu kwa shangazi yake?

La pili lilikuwa jeupe, limejaa nguzo na matao. Akapiga magoti upesi kabla mtu hajafungua mdomo. Padri akaufungua.

"Hili Wayahudi walilijenga liwe sinagogi lao. Mafundi, wanasema, walikuwa Waislamu."

"Baba Padri, jamani! Mji mzima huu hakuna kanisa la Wakatoliki watupu?"

"Kanisa kuu lipo, mama. Ila hata pale, zamani palikuwa na msikiti."

Suzana nusura alie. Simu ikaita. Ni Glory.

"Shikamoo mama. Umeshafika kanisani? Umeniombea?"

"Marahaba. Bado, mwanangu." Aibu ilimshika, na aibu ikamzidishia hasira. "Hebu mpe baba yako."

"Mama Glory, hawa wazee tunawajibu nini?" Apolinari aliuliza. "Wamechoka, wana njaa."

"Kwani hawajala?"

"Washenga watakulaje na hawajakubaliwa? Hata maji wamegoma."

"Tangu asubuhi? Wazee wa watu! Wapeni chakula, jamani, nyie mna roho gani?"

Mara vigelegele vikapasuka, vikamjaa sikioni. "Mama kasema wale! Mama kasema wale!"

"Apolinari! Sijasema ndiyo! Nimesema chakula!"

Nani amsikie? Simu ikakatika.

Suzana aliwakasirikia washenga, akamkasirikia Apolinari, akaukasirikia mji mzima na kuta zake. Angeweza kupiga tena awakatalie, salio lilikuwepo na mtandao ulikuwa safi. Akaizima simu, akaitumbukiza kwenye mkoba.