Ngurumo Uani kwa Korane

Siku ile mjinga alikuwa Nunow, na mwenyewe hakatai. Anachobishania mpaka leo ni muda tu: yeye anadai ujinga wake ulidumu nusu saa, mji wa Garissa unasema ulianza asubuhi.

Alikuwa amerudi kutoka Nairobi, alikoosha vyombo vya hoteli miaka mitatu na kujifunzia gitaa jikoni. Alirudi na gitaa la umeme na amplifaya, sanduku zito ambalo askari walilifungua kila kizuizi cha barabarani na kulichungulia kwa tochi, wasije wakakosa shifta, mwasi wa porini, aliyejikunja katikati ya valvu, zile taa za ndani zinazokuza sauti. Mwaka huo wa 1966, hata birika likiwa kubwa kidogo lilihojiwa.

Sasa kulikuwa na harusi ya Amran, binti wa mzee Korane, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kibali cha DC kilisema Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi na moja, maana kafyu haimjui bibi harusi. Nunow aliomba apige yeye. Korane akamjibu, "Lete hilo sanduku Jumatano uani kwangu nilisikie. Nikilipenda, utapiga. Nisipolipenda, litapanda lori lirudi lilikotoka, na wewe utarudi Balambala ukachunge na ndugu zako." Hao ndugu walikuwa na miaka mitatu wakingoja kumcheka, na kicheko chao Nunow alikijua.

Jumatano ikafika. Dekow, mwenye duka la jirani, alivuta waya kutoka kwenye jenereta lake. Korane alikaa mkekani. Kando yake alikaa dada yake, Habibo, mtunzi wa buraanbur, yale mashairi wanawake wanayoimba harusini kumsifu bibi harusi na ukoo wake, babu mmoja baada ya mwingine. Jina la babu lisiposikika sawasawa, wajukuu zake hununa mpaka harusi nyingine.

Nunow akawasha. Valvu zinataka dakika kadhaa zipate moto. Yeye akazipa muda wa kukohoa mara moja. Sauti akaizungusha mpaka mwisho, besi mpaka mwisho, na kila kilichozunguka kikazungushwa mpaka mwisho. Hivyo ndivyo alivyoiona mashine ya bendi kule Nairobi, siku alipotumwa kuipangusa vumbi. Wala hakujiuliza kama si kitambaa chake mwenyewe kilichovizungusha vile vifundo.

Akapiga nyuzi.

Kilichotoka hakikuwa muziki. Kilikuwa lori la jeshi, tupu kabisa, likipanda kutoka mtoni kwa gia ya kwanza. Na Garissa ya mwaka huo, ukisikia lori hilo huchungulii kwanza. Wanawake walikumba watoto ndani. Dekow alifunga duka kwa komeo, mteja akiwa humo humo. Wanywaji chai wa ng'ambo ya barabara walilala kifudifudi, mmoja kikombe bado mkononi, na kwa sifa yake hakumwaga. Uani walibaki Habibo, Nunow na mbuzi. Korane, ambaye haogopi mtu, alipatikana nyuma ya pipa la maji, kitambulisho amekinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Waria!" akafoka kutoka huko huko. "Huo ndio wimbo wa binti yangu? Mwiteni mwenye lori! Sanduku linaondoka leo!"

"Adeer, ni mtambo tu, haujazoea—" Nunow akajitetea, akimwita mzee kwa heshima ya baba mdogo.

"Nani hajazoea? Mimi ndiye nizoee?"

"Ngoja, Korane," Habibo akasema. "Wewe, Nunow. Mimi nikiimba, napiga mayowe?"

"Hapana, eddo," Nunow akajibu, kwa adabu ya kumjibu shangazi.

"Basi hilo lako linamgombeza nani? Teremsha."

Nunow akateremsha kidogo, kwa shingo upande.

"Nimesema teremsha, sikusema lipapase."

Akaishusha sauti mpaka namba tatu. Besi, iliyokuwa ikivimba kama tumbo la ndama mgonjwa, akaipunguza. Akaliinua sanduku kutoka mchangani, akaliweka juu ya kiti. Kwa hasira akakitupa kile kipande cha plastiki cha kupigia, akatumia kidole gumba. Huku nyuma valvu, wakati wao wakigombana, zilikuwa zimepata moto bila kumwomba mtu ruhusa.

Safari hii sauti ilitoka safi, ya mviringo, yenye joto kama maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi. Kila uzi ulisikika peke yake. Habibo akaingia na mababu wanne, na wote wanne wakasikika mpaka dukani, ambako yule mteja aliitikia kutoka ndani. Korane akatoka nyuma ya pipa, akalichungulia kama mtu aliyekuwa amekwenda kupima maji.

"Kesho, saa nane," akasema. "Usichelewe."

Mtu mwenye akili hapo angeshukuru, akanyamaza. Nunow akafungua mdomo.

"Lakini eddo, kesho watu watakuwa mia mbili. Nitaongeza kidogo."

"Huongezi."

"Hata mpaka sita?"

"Tatu."

"Wallahi, eddo, nguvu yote hii niliyoibeba kutoka Nairobi, ikae bure?"

Habibo akajitanda shuka lake vizuri.

"Serikali nayo imetuletea nguvu kutoka Nairobi, tena kubwa kuliko yako," akasema. "Umemwona nani akiicheza?"