Kilo Kumi na Nne Zilizozidi

Mizani yangu haijawahi kunidanganya, na mimi sijawahi kuidanganya. Ndiyo maana karatasi zangu zikifika kwenye ghala la mizigo uwanja wa ndege Nairobi hakuna anayezikunjia uso. "Huu ni mzigo wa Valentine wa Voi," wanasema, na muhuri unagongwa.

Kazi yangu ni kusafirisha kwa ndege vikapu vya mkonge vya akina mama wa Wundanyi. Wao wanasuka kule juu milimani na kuvipanga kwenye katoni. Mimi huku chini napima, naandika hati, natafuta nafasi kwenye ndege, na nagombana na yeyote anayenichelewesha. Kazi hii haitaki mtu mpole, na bahati nzuri mimi sikuzaliwa mpole.

Alhamisi ile mzigo ulikuwa wa Hamburg: vikapu mia nne themanini, katoni ishirini na nne. Mteja alikuwa amenyamaza mwaka mzima, sasa amerudi na oda moja ya kutujaribu. Alisema wazi kwamba vikifika vizuri kabla ya Krismasi atachukua vingine kila mwezi, na visipofika tusimwandikie tena. Lori la Donald lilitakiwa kuondoka Voi saa sita mchana ili liwahi ghala kabla halijafunga kupokea mizigo saa tatu usiku. Akina mama wanane walikuwa wameshuka na mzigo wao, wakawa nje ya stoo yangu wanakunywa chai.

Saa nne asubuhi niliweka katoni ya kwanza kwenye mizani. Kilo tisa na gramu mia nane. Nilitarajia tisa na mia mbili, kwa sababu kikapu kimoja ni gramu mia nne, katoni inabeba ishirini, na katoni tupu ni kilo moja na mia mbili; hilo ninalijua kama siku yangu ya kuzaliwa. Nikaweka ya pili. Tisa na mia nane. Ya tatu, vilevile. Nilipofika ya ishirini na nne mzigo ulikuwa umezidi kilo kumi na nne na kitu, na jasho lilikuwa linanitoka.

Nikachukua kisu, nikapasua katoni. Chini kabisa ya kila kikapu kulikuwa na kifurushi kidogo cha kitambaa, kimefungwa kwa uzi wa mkonge. Nikafungua kimoja. Maharagwe.

"Nani ameniwekea mbegu kwenye mzigo wa ndege?" Sauti yangu nadhani ilifika stesheni.

Ndeti, mwenyekiti wao, akaingia na kikombe chake mkononi bila haraka yoyote, wenzake nyuma yake. "Sisi," akasema. "Kwani kuna shida?"

"Shida? Mama, mbegu haziingii Ulaya bila cheti cha afya ya mimea! Wakipitisha mzigo kwa mashine wataziona, na watachoma kila kitu. Si maharagwe peke yake. Vikapu vyote!"

"Sasa wewe ulitaka tutoe kikapu kitupu? Mtu ukimpa kikapu kitupu umemwambia asirudi kwako."

"Huyo ni mteja wa Hamburg, si mkwe!"

"Mwaka jana tulimpa vitupu," Ndeti akasema. "Ulikuwa unatuharakisha, unapiga simu kila dakika kumi, tukasema wacha viende hivyo hivyo. Je, alirudi?"

Nikakifunga tena kile kifurushi.

"Tuliitisha kikao," akaendelea. "Jerusha ndiye alikuwa mwenyekiti, na ndiye aliyesema viende vitupu. Tukamtoa."

Wote waligeuka wakamtazama Jerusha. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi la stoo, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyewafundisha nusu yao kusuka, na hakuinua macho. Mwaka jana, walipouliza kwa nini oda zimekatika, niliwajibu kwa maneno machache: mteja amebadilisha mawazo, wazungu ndivyo walivyo. Kisha nikaendelea na shughuli zangu nyingine.

"Saa tano hiyo, dada," Donald akasema kutoka mlangoni. "Hiyo barabara ikijaa malori ya Mombasa mimi sina mabawa."

Nikaokota kisu. "Natoa maharagwe yote, mtake msitake."

"Toa," Ndeti akasema. "Lakini vikapu vikitoka hapa vitupu, sisi hatusuki tena. Hatuwezi kufanya kosa moja mara mbili."

Hakuwa anatishia. Alisema kama mtu anayesema mvua imekataa. Nikatafuta la kumwambia, na yapo mengi ninayojua kusema. Nimewahi kumshawishi ofisa wa forodha siku ya sikukuu. Lakini kila nililolifikiria lilikuwa linazunguka palepale, na pale alikuwa amekaa Jerusha.

Nikaweka kisu chini.

"Si utupu uliomfukuza mteja," nikasema. "Ni mimi. Ndege ilikuwa ya saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi nikahesabu usiku wa Ijumaa yenyewe. Mzigo ulifika Nairobi ndege imeshaondoka karibu siku nzima. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya wiki tatu, na vikapu vya Krismasi vikafika Januari. Yule mtu alikasirika, na alikuwa na haki. Nyinyi hamkukosea kitu. Niliona aibu, nikawadanganya."

Ndeti akaweka kikombe chake dirishani. Jerusha akasimama, akaivuta katoni yenye vikapu vyake, akaingiza mkono na kutoa kifurushi cha kwanza. Alipokitupa kwenye beseni wengine walifuata.

Tulifanya kazi kama watu wanaozima moto. Jozi tisa za mikono, na Donald wa kumi, vifurushi mia nne themanini, halafu utepe wa kufungia katoni, halafu mizani. Tisa na mia mbili. Tisa na mia mbili. Kila namba iliyotokea ilinirudishia pumzi, na hata nilianza kuwafokea tena kwamba utepe umekaa upande. Saa sita kasoro dakika tano katoni ishirini na tatu zilikuwa ndani ya lori.

Ya mwisho alikuwa nayo Jerusha. Ameipakata magotini na hakuonyesha dalili ya kuitoa.

"Mama, lete tupakie."

"Valentine," akasema, "mimi nilitolewa mbele ya wanawake thelathini na wanne, Jumapili, baada ya ibada. Hapa wamekusikia wanane."

"Nitakuja Wundanyi, Mama. Jumapili hii hii nitasimama niseme."

"Jumapili ni mbali."

Akatoa simu kwenye pindo la leso yake, akatafuta kundi lao la wasukaji, akanyoosha mkono na kuiweka karibu na mdomo wangu. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza kurekodi sauti, na sekunde zilikuwa zinahesabika. Nje Donald alipiga honi mara mbili.

Nikaanza na jina langu. Nikasema siku, saa na ndege, nikasema nilikosea na kwamba nilidanganya, na mwisho nikasema Jerusha hakuwa na kosa lolote. Hilo la mwisho nililisema mara mbili.

Hakuituma rekodi hiyo mara moja. Aliiweka sikioni akaisikiliza yote, toka mwanzo, huku lori likinguruma. Kisha akabonyeza, akangoja mpaka akaona imekwenda.

"Donald," akaita, "njoo uchukue katoni yangu."