Ratiba Inayofuata Maji

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Niliichapa, nikazipaka siku rangi, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: mazoezi ya timu ya soka ya wasichana, likizo ya Aprili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi, uwanja wa shule. Niliweka hadi siku ya kufundisha kona na siku ya penalti. Kazi yangu naijua. Mimi ndiye mwalimu wa michezo katika shule yetu ya kutwa hapa Dandora, na bado sijaona mtu wa kunishinda kupanga mambo. Mtu yeyote akisema vinginevyo, aje tukae chini na kalamu.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Makau, ni mtu wa hesabu. Alifundisha somo hilo miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, na hadi leo akiingia mahali anahesabu vichwa kwanza ndipo asalimie. Mwaka jana tulikwenda kwenye mashindano ya kaunti ndogo tukiwa na wachezaji tisa. Tulifungwa mabao mpaka refa akaanza kutuonea huruma, na Makau alikuwa pale pale, ameketi chini ya hema na walimu wakuu wenzake, hana pa kuuficha uso. Kwa hiyo siku ya kufunga shule aliniita ofisini.

"Mwalimu Khavere, likizo hii nitakuja kuona mazoezi ya wasichana mara moja. Siku sikwambii. Nikikuta kumi na mmoja, naandikisha timu muhula wa pili. Nikikuta kumi, basi tena. Watacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, huko mtaani na dada zao wadogo."

"Njoo hata mara mbili," nikamjibu.

Hasira zangu ziko karibu, nalijua hilo. Lakini pia nilikuwa na wasichana ishirini waliojiandikisha wenyewe bila kubembelezwa, na golikipa, Ayuma, ambaye mpira ukigusa mikono yake umefika nyumbani. Sikuona pa kushindwa.

Jumatatu ya kwanza walikuja saba. Jumatano walikuja wanane, lakini si wale saba. Ijumaa walipungua tena, na Ayuma hakuonekana. Wakati huo upande wa pili wa uwanja timu ya wavulana ilikuwa imejaa kila siku, hadi wengine wameketi chini wakisubiri zamu. Makau angetokea siku yoyote kati ya hizo, mambo yangeishia hapo. Nilichemka. Nahodha wangu, Shiku, ndiye aliyekuwa karibu, kwa hiyo ndiye aliyenipata.

"Jumatano ulikuwa wapi? Hii ni timu ama ni harusi, mtu anakuja akijisikia?"

"Madam, si Wednesday maji hukam Phase Two," Shiku akasema, kama ananieleza kwamba mvua hunyesha kutoka juu. "Ikikam lazima mtu akue home. Mathe ako job. Wenye wako Phase Four yao ni leo, ndio maana hawajakam. Ayuma ako kwa mfereji saa hii."

Mimi nakaa Komarock, kwenye gorofa yenye tangi juu ya paa. Nikifungua mfereji maji hutoka, na yasipotoka namnung'unikia keateka, msimamizi wa jengo. Dandora maji huja kwa zamu, kila mtaa, yaani kila Phase, na siku zake, na siku ikifika hakuna anayejua kama yatakuja asubuhi au mchana. Unayangoja. Yakija unakinga kila kitu, mitungi, ndoo, sufuria, hata beseni la mtoto, maana hayo ndiyo ya wiki.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa kina Ayuma. Mama yake, Nabiswa, anafanya kazi katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai yenye maziwa mengi, akanisikiliza hadi mwisho.

"Madam, mtoto wangu anapenda mpira, sikatai," akasema. "Lakini mimi natoka hapa kukiwa bado giza. Maji yakija bila mtu nyumbani, ni kununua ya mkokoteni mpaka zamu irudi. Sasa nani atakinga? Paka?"

"Na kaka yake?"

"Javan ana mazoezi."

Alilisema bila kutabasamu. Nikaweka kikombe chini. Javan anacheza winga katika timu ya wavulana. Ndiyo sababu upande ule wa uwanja ulikuwa umejaa. Hakuna mvulana hata mmoja aliyejua maji huja siku gani kwao, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa. Iliniuma, na inaniuma hadi sasa. Lakini sikwenda pale kumfundisha mama wa watu jinsi ya kulea, na timu yangu ilikuwa inazama. Nikamaliza chai, nikamwomba aniambie siku zao za maji.

Nikafanya hivyo kwa wasichana wote. Nikachora mitaa na siku zake, nikatafuta siku ambazo hakuna hata mmoja wao anayeamkia mferejini. Zilikuwa mbili tu, Jumanne na Jumamosi. Basi, mazoezi yakawa Jumanne na Jumamosi, asubuhi na jioni, ili kufidia tulichopoteza. Ratiba ya rangi nikaifuta. Nilimpigia Makau kumweleza mabadiliko, akacheka mpaka akakohoa.

"Ratiba ya mpira inayofuata mfereji?"

"Hiyo hiyo," nikamwambia. "Na ukija, vaa miwani, usije ukahesabu mmoja mara mbili."

Jumanne walikuja kumi na sita. Jumamosi walikuja hata dada zao. Tulikimbia, tukapiga pasi, tukafanya kona mpaka Ayuma akaomba tuzirushe juu zaidi kwa sababu zilikuwa rahisi mno. Siku hizo nilitembea pale uwanjani kifua mbele, na kama kuna mtu aliniona ninaringa, alikuwa ameona sawasawa. Makau hakuja. Nilianza kumtamani.

Wiki ya mwisho bomba kubwa likapasuka mahali, Dandora nzima ikakauka. Siku za zamu zikapita bila tone. Jumanne walikuja wote, maana hakukuwa na maji ya kungoja. Nikajiambia bado Jumamosi moja, tena hiyo ndiyo ya mwisho, kwa hiyo Makau hana siku nyingine ya kuja. Nikafua jezi za mazoezi mwenyewe.

Jumamosi nilifika uwanjani mapema, nikapanga koni. Wasichana watatu. Nikangoja. Bado watatu. Simu ikalia, na jina kwenye kioo ni la Makau.

"Mwalimu Khavere, niko njiani. Natoka soko la Burma kuchukua nyama, nitapitia hapo."

Hata sijaiweka simu mfukoni, Shiku akatokea mbio langoni, amevaa jezi na kandambili, ameloa hadi magotini.

"Madam, maji imerudi! Lakini haina nguvu, haifiki kwa maploti, kwa nyumba za watu. Inatoka tu kwa ule mfereji wa chini, karibu na kanisa. Dandora yote iko hapo na mitungi. Hao wasichana wote wako hapo."

"Waite."

"Hawatakam, Madam. Hata mimi nimeacha mtungi kwa laini."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitazama koni zangu, nikatazama lango ambalo gari la Makau lingeingilia wakati wowote, nikawaza jinsi atakavyosimama pale na kuhesabu watatu, na Shiku wanne, kisha ageuze gari. Hilo la kugeuza gari ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha nikayasikia upya maneno ya Shiku. Ameacha mtungi kwenye laini, na bado yuko hapa.

Dandora kwenye foleni ya maji hawasimami watu, inasimama mitungi. Mtungi wako ukishaushikisha nafasi, hakuna wa kuuruka, hata ukienda sokoni na kurudi. Ukisogea wa mbele, jirani atausukuma wako kwa mguu. Mambo hubadilika ukifika mferejini tu. Pale mwenyewe lazima uwepo, ushike mtungi chini ya maji mpaka ujae, na ukiondoka zamu imepita.

"Okota koni," nikawaambia. "Tena acha, hatuzihitaji. Beba mipira."

Chini kule karibu na kanisa kuna kichochoro kipana na kiwanja kidogo cha udongo. Foleni ilikuwa imejipinda mara tatu, mitungi ya njano mbele, mingine ya njano nyuma, na wasichana wangu wameegemea ukuta wa kanisa wakiwa wamenuna, wengine na jezi ndani ya leso. Waliponiona walianza kuomba radhi wote kwa pamoja.

"Sitaki pole za mtu," nikasema. "Mazoezi yamehamia hapa. Mtapita na mpira katikati ya mitungi, kwenda na kurudi. Anayegusa mtungi anaanza upya. Nikipiga filimbi, kila mtu anakimbia kusogeza wa kwake, halafu anarudi kwenye mpira. Twende!"

Kina mama waling'aka, na walikuwa na haki. Nabiswa, ambaye siku hiyo hakuwa kazini, alisimama na mtungi uliojaa kichwani akanikodolea macho.

"Madam, mpira hapa?"

"Hapa, Mama Ayuma. Maji yenu hayatamwagika."

Mtungi mmoja ulianguka, lakini ulikuwa mtupu. Baada ya hapo sikuona mguu ukikosea. Nimefundisha mpira kwenye viwanja vya nyasi na sijawahi kupata mguso kama ule, kwa sababu koni ukiigonga hainung'uniki, lakini ukigonga mtungi wa mama wa mtu utasikia jina lako na la ukoo wako. Mchezaji wetu mmoja, Lorine, alipita foleni nzima bila kuinua kichwa. Akina mama wakaanza kushangilia watoto wao, na kila filimbi ilipolia, mitungi ikasogea hatua moja mbele bila ugomvi. Mzee mmoja akasema foleni haijawahi kwenda vizuri hivyo.

Simu ikalia. "Mwalimu, niko uwanjani. Naona wavulana tu."

"Shuka chini, karibu na kanisa," nikamwambia. "Utasikia filimbi."

Makau alikuja na suruali yake ya kaki, viatu vya kung'aa na karatasi ya nyama mkononi. Alisimama pembeni, akatazama mitungi, akatazama mipira. Hakusalimu. Kidole chake kikaanza kutembea hewani kama kawaida yake, na mimi nikahesabu naye kimoyomoyo. Wengine walikuwa tayari wamekinga na kubeba nyumbani, hawajarudi. Nane, tisa, kumi. Kidole kikatafuta, kikashuka.

"Kumi," akasema.

Ayuma alikuwa mferejini. Zamu yake ilikuwa imefika dakika ile ile, ameinama, mikono yote miwili imeshika mtungi chini ya uzi mwembamba wa maji.

"Wa kumi na mmoja ni yule pale," nikasema.

"Yule anakinga maji, Mwalimu. Hachezi. Tulikubaliana."

"Anakinga kwa sababu ni zamu yao."

"Hana ndugu wa kumshikia?"

Aliyejibu alikuwa Nabiswa. Alikuwa amerudi kubeba ndoo zao mbili zilizokwisha kujaa, na alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Anaye," akasema. "Yuko mazoezini, Mwalimu. Kwenye timu yako ya wavulana."

Nabiswa alikuwa na ndoo moja mkononi na nyingine miguuni, lakini angeweza kuziweka chini. Hakuziweka. Alimtazama Makau, akamwonyesha mfereji kwa kidevu.

"Wewe ndiye unayemtaka acheze," akasema kwa heshima kabisa. "Basi mshikie, Mwalimu, aende."

Nilidhani Makau atakasirika. Badala yake akanipa karatasi ya nyama, akakunja mikono ya shati, akaenda mferejini na kuinama pale Ayuma alipokuwa ameinama. Ayuma akasita kuachilia, maana zamu ikipotea ni wao watakaokosa.

"Nimeushika," Makau akamwambia. "Nenda."

Ayuma akaondoka mbio, mikono inadondoka maji. Shiku hakumngoja afike. Alipiga mpira juu, kando ya ukuta wa kanisa, na Ayuma akaruka juu ya mitungi akaudaka kwa mkono mmoja, akatua bila kugusa hata kifuniko. Kina mama walipiga vigelegele. Nabiswa alipiga cha juu kuliko wote, na ndoo ikamwagika kidogo.

Maji hayakuwa na nguvu. Mtungi wa lita ishirini ulichukua muda wake, na Makau hangeweza kuuacha. Viatu vyake viliingia matope, suruali ikaloa. Kutoka pale chini akageuza shingo, akaanza kuhesabu upya, safari hii bila kidole kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

"Kumi na mmoja," akasema kwa sauti.

"Sema tena, kuna maji, sijasikia," nikamwambia, na nilikuwa nimesikia vizuri sana.

"Kumi na mmoja, Mwalimu Khavere! Nitawaandikisha Jumatatu." Akaangalia mtungi, akaangalia foleni iliyobaki. "Na hiyo timu ya wavulana. Nao wana ratiba?"

"Wanayo. Ya kwao haijui maji huja siku gani."

"Basi Jumatatu leta zote mbili ofisini," akasema.

Mtungi ukajaa. Nikapiga filimbi. Makau akaubeba akauweka kando, na kwa kuwa mtungi uliofuata ulikuwa wa Shiku, naye Shiku alikuwa na mpira, akauvuta na huo chini ya mfereji.