Shimo Lisilo na Mwenyewe

Bwana afya alitaka kujua shimo la nyuma ya kiwanda cha ngozi ni la nani, maana lilikuwa likivujisha uchafu wa kijani hadi visimani kwa majirani. Mkurugenzi akambwagia kazi hiyo mtunza majalada, mwanamke asiyejua kusoma karatasi nusunusu.

Siku tatu alifukua makabati. Kiwanda kilijengwa na ndugu wawili, kikataifishwa, kikauzwa kwa matajiri wa sabuni, kisha kwa kampuni ya sasa. Kila mkataba ulitaja mashine, paa, hata viti vya kantini. Shimo kila mtu alilikwepa. Matajiri wa sabuni ndio waliotia fora: waliunda kampuni ndogo isiyo na mali yoyote ila lile shimo, wakampa umeneja mtu mmoja. Mtunza majalada alisoma jina mara mbili. Alikuwa baba yake mdogo, mtunza stoo wa zamani, aliyemlea tangu utotoni.

Jioni hiyo alimkuta barazani akikata kucha.

“Ba'mdogo, ulijua unatia sahihi nini?”

“Nilijua.”

“Na visima vya watu?”

“Sisi hatukuchota kisimani, mwanangu. Wale matajiri walituvutia bomba. Ndiyo sahihi yenyewe hiyo.” Alipuliza kucha kwenye kiganja. “Umekunywa, umeoga, umesoma. Leo ndiyo unauliza?”

Akakumbuka wenzake wa shule waliokuwa na vidonda miguuni, na jinsi yeye alivyohama dawati asikae nao. Aliondoka bila kuaga.

Mkurugenzi alipoona jina lile alichangamka. “Basi si sisi. Andika shimo ni la huyo mzee, tumalize.”

“Na ninyi mlinunua mkijua. Barua yenu inayolitaja shimo nimeikuta kabatini.”

“Mama, usijitafutie makubwa.”

Aliandika wote, tangu wale ndugu wawili hadi mkurugenzi mwenyewe, na jina la baba yake mdogo hakuliruka. Akampelekea bwana afya mkononi.

Visima vilifungwa, na kampuni ikaamriwa kuvuta maji safi kwa mtaa mzima na kuzoa uchafu wake. Baba mdogo aliitwa kuhojiwa, akarudi nyumbani. Mtunza majalada alihamishiwa kwenye ghala la ngozi mbichi. Kwao hakuna anayemsemesha, isipokuwa shangazi, naye humpigia simu akiwa amejifungia chooni.