Bastola Isiyokuwa Kabatini

Mdomo ndio uliomponza Mahendra. Mzee wa watu alikuwa amejikalia kimya miaka mingi katika fleti yake pale Kingsbury, ughaibuni. Mkewe Lila keshafariki, mwanawe Bhavesh hupiga simu akiwa kwenye gari, na wajukuu ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa, ila watakujibu Kiingereza. Sasa siku moja, dukani kwa Pritesh, akamsikia mtu akichagua mihogo huku akinung'unikia bei kwa Kiswahili cha Kenya, na furaha ikamlevya. Kabla hawajalipa alikwisha kujisifu kwamba Nairobi alikuwa fundi wa bunduki, na kwamba mabwana wa klabu ya shabaha walikuwa wakimletea bastola zao za risasi nene azigeuze zitumie zile risasi nyembamba za bei nafuu, za point two-two, ili mazoezi yasiwafilisi. Yule mtu, jina lake Eddie, alisikiliza neno kwa neno. Mahendra hakukumbuka mara ya mwisho kusikilizwa hivyo.

Jumapili iliyofuata Eddie alikuja kula. Jumapili ya pili alikuja na bastola ndani ya taulo.

Ilikuwa bastola ya mlio tu, isiyotoa risasi. Eddie alieleza, macho chini, kwamba jamaa anayemhifadhi kule Tottenham anataka igeuzwe imeze risasi za kweli. Ya nini, hakusema, na Mahendra hakuuliza. Yeye aligeuza bastola nusu ya umri wake, lakini kwa leseni, kwa watu waliotaka kutoboa karatasi. Hii ilikuwa inamtafutia mtu kifo. Kuigeuza, asingeigeuza hata kwa kuchinjwa.

Basi angekataa, yaishe. Neno moja tu. Lakini aliona kwamba neno hilo likitoka, Eddie naye atatoka, na Jumapili itarudi kuwa ile ile ya televisheni na chai ya kikombe kimoja. Upweke ni uvundo, walisema wahenga, nao hawakupata kuishi Kingsbury mwezi wa Februari. Mzee akaifunika tena kwa taulo.

"Iache hapa," akasema. "Kazi hii haitaki haraka."

Kulipokucha aliipeleka kituo cha polisi, maana siku hizo ilikuwa imetangazwa kwamba wenye bastola za namna hiyo wazisalimishe bila kuulizwa maswali. Akarudi nyumbani mikono mitupu, roho nyeupe. Hapo angemwambia Eddie. Hakumwambia.

Uongo ukaanza, na kumbe mzee alikuwa na kipaji. Jumapili moja mtutu ulikuwa unamsumbua. Nyingine, springi haijafika. Nyingine, macho yalimwuma. Eddie hutupia jicho kabati la jikoni, alikodhani bastola imehifadhiwa, Mahendra hupakua mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu pembeni, na kuanza hadithi. Alimsimulia yule bwana mkubwa aliyesahau kwamba bastola yake imegeuzwa, akaja klabuni na risasi zake nene za zamani, akahangaika kuzishindilia mbele ya wageni mpaka jasho likamtoka. Eddie alicheka hadi akafuta machozi. Naye akasimulia habari za mama yake huko Vihiga, na za masufuria anayosugua hotelini. Siku hizo alikuwa akiosha vyombo kabla ya kuondoka, bila kuombwa. Akaacha kumwita Fundi, akawa anamwita Mzee. Hata lile kabati akaacha kulitazama, na Mahendra akajidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi moja asubuhi Eddie aligonga mlango, mdomo umevimba, begi begani.

"Mzee, nipe tu hiyo kitu, hata kama haijaisha. Wale jamaa wa Tottenham wanasema nimewauza. Nikiwarudishia, wataniacha."

"Haipo, Eddie."

Akamweleza yote, pale pale mlangoni, bila kujitetea. Polisi, Jumatatu ya kwanza, na springi ambayo haikuagizwa popote. Eddie aliingia ndani akaketi kwenye kiti chake cha siku zote. Akagusagusa mdomo wake uliovimba.

"Ungekataa siku ile ile, ningewaambia fundi hawezi, na hawangenigusa," akasema. "Sasa nimewaambia kila wiki iko karibu. Kwa nini, Mzee?"

Mahendra aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alikuwa amehofia maisha ya mtu asiyemjua, ambaye angepigwa risasi, na maisha ya huyu aliyekuwa akila mezani pake hakuyahofia hata kidogo.

"Niliogopa ukienda hutarudi."

Eddie alimtazama, si kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Ningerudi," akasema. "Kwani mimi Jumapili nina nani?"

Mzee alimsihi abaki, chumba kipo, na Bhavesh atamweleza yeye mwenyewe. Eddie alitikisa kichwa. Jamaa wanaijua mitaa hii, na hataki kuwaleta mlangoni pa Mzee. Ana binamu Leicester, kuna basi la saa sita, na laini ya simu anaizima leo leo ili wasimpate. Alipokea chapati zilizofungwa kwenye karatasi, akashukuru kwa adabu, akateremka barabarani akipita upande wa ukuta.

Mahendra alibaki amesimama kizingitini, baridi ikiingia ndani. Alikuwa ameiba kwa uongo kitu ambacho angepewa bure kwa kuomba tu, na sasa hata namba ya kumwombea msamaha hakuwa nayo. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumuaga Lila, mpaka jirani wa juu akafungua dirisha na kumwuliza kwa Kiingereza kama anahitaji msaada. Akamjibu kwamba hahitaji, asante, akafunga mlango.