Kitenge Ambacho Sikukifua

Mdomo wangu ndio uliomfunga Liévin, na ninalisema hilo kwa sauti ileile niliyomshtakia.

Asubuhi ile tulikuwa shambani, karibu na Iga Barrière. Risasi zilipoanza tulifanya tulichozoea sisi watu wa Djugu: tulilala mtaroni. Mara mitungi miwili ikatupwa bondeni, na moshi wa kijani ukaanza kututambalia. Liévin, kijana wa Mahagi aliyelima shamba la jirani, akapiga kelele: “Musilale! Mupande ku mulima!”

Nilimtukana. Akanishika mkono, akanivuta hadi juu, akanimwagia machoni maji yake ya kunywa. Waliobaki mtaroni, watu kumi na mmoja, tuliwazika.

Njiani kuelekea hospitali ya Bunia akaniambia: “Mama Anastasie, ile kitenge usiifule. Uifunge mu sashe mbili.”

Nguo yenye madoa meupe na harufu ya kumkaba mtu, nani huitunza? Nilikifunga katika mifuko miwili kwa sababu tu sikuwa na nguvu ya kubishana.

Hospitalini Liévin aliwaambia madaktari kwamba moshi ule ni klori, na watu wakaulizana alijuaje. Mwenyewe alieleza kwamba alipuliza dawa hiyo ya kuua viini miezi mingi wakati wa Ebola, na kwamba hewa yake ni nzito, hutambaa mabondeni. Lakini mimi nilikuwa na hasira ya wafu wangu, nikasema: “Mwenye kujua sumu, ni yeye mwenye sumu.” Kabla ya saa sita neno langu lilikuwa limefika polisi, na Liévin akafungwa. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda angeniona mimi nimezidi.

Wiki mbili baadaye, nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Rwambuzi, nilikuta ile mifuko chini ya nguo. Ndipo nikaelewa. Kama sumu ingekuwa yake, angeniambia nikifue, ushahidi upotee.

Nilikibeba kitenge hadi polisi, kwa Inspekta Anaclet. Akauliza kama ninathibitisha maneno yangu.

“Nilisema bongo,” nikajibu, nikiukiri uwongo wangu. “Ule muntu aliniokoa. Uandike vile.”

Godelive, mjane wa mmoja wa wale kumi na mmoja, alikuwa amesimama mlangoni. “Basi nani aliua bwana yangu?”

“Sijue, dada. Lakini wakimufunga huyu, hawatamutafuta mwenye aliua.”

Godelive akamgeukia inspekta: “Mutafute, basi.” Siku hiyohiyo wachunguzi walichukua kitenge, wakanakili na namba za mitungi.

Liévin alipotoka nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Hakuningoja nianze.

“Mama, uliifula?”

“Hapana, mutoto yangu. Wameipeleka ku laboratwari, wapime ile sumu.”

Alifumba macho, akashusha pumzi. “Aksanti, mama. Aksanti sana.”

Kunishukuru mimi! Nilimshika mikono yote miwili nikalia pale barabarani, watu wakitutazama, na yale maneno yangu yote ya msamaha yakabaki neno moja tu, lilelile lake.