Masikio ya Scovia

Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humgeuza sikio kabla ya kuhesabu vidole. Ngozi ya siku za kwanza hudanganya; rangi ambayo mtoto atakuja kuwa nayo iko kwenye ncha ya sikio. Mjukuu wangu Scovia nilimgeuza akiwa na siku mbili, hapa Migori, nyumbani kwa binti yangu Liz. Sikio lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Nikasema, "Mungu ni mwema," huku moyoni nimenywea.

Mimi ni Bathsheba, nauza vipodozi Isebania, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa tangazo la bidhaa zangu mwenyewe. Wateja huniita rangi ya thao, yaani noti ya elfu moja. Nikiwapa kisogo husema uso fanta, vidole kokakola, na hawasemi uongo. Mwaka jana nilipasuliwa uvimbe kwapani, kidonda kikakataa kufunga, maana nyuzi zilikuwa zikikata ngozi kama karatasi iliyolowa. Nesi mmoja aitwaye Milka aliniambia ngozi nimeimaliza mwenyewe. Hakunigombeza. Alinipa daftari, akaniambia niache krimu za kujichubua na kila siku niandike kiungo kimoja cha mwili wangu na ninachokishukuru.

Niliona ni kazi ya watoto wa shule, lakini niliandika. Magoti, kwa mizigo yote niliyovusha mpaka wa Sirare. Meno, kwa miwa. Tumbo, kwa Liz. Niliandika siku sitini na mbili, na ngozi sikuitaja hata mara moja. Ningeanzaje kumshukuru mtu niliyempiga? Krimu niliacha kujipaka. Kuuza sikuacha.

Mama mkwe halali kwa mkwewe, kwa hiyo nililala kwa Bitutu, tunayesali naye Sabato, na asubuhi nilikuja kumwogesha mtoto. Otieno, mume wa Liz, alikuwa akinisalimu mlangoni macho chini, kisha anatoka. Lakini kabla ya kutoka alimwinamia mtoto na kumwita Rateng', yaani mweusi, kwa Kijaluo, na alilisema kwa fahari, maana Scovia lilikuwa jina la marehemu mama yake, aliyekuwa mweusi vilevile. Mimi nilimwonea huruma. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Siku ya tatu Liz alitoka kuanika nepi. Mkobani mwangu kulikuwa na tyubu moja ya krimu. Nilichukua ya ncha ya kidole, nikampaka mtoto masikioni. Masikio tu. Nilijiambia kama weusi unatokea pale, basi uzibwe pale pale. Nilifanya hivyo asubuhi nne, na kila nilipomaliza nilimwimbia.

Asubuhi ya tano masikio yalivimba yakatoa malengelenge.

"Mum, ona," Liz aliniambia. "Nimemfanyia nini?"

Majirani walisema ni omena, dagaa wa ziwani, anazokula Liz. Akaacha omena, akaacha samaki wote, akabaki na ugali na sukuma, na yeye ananyonyesha. Otieno alitupa sabuni. Mimi nilikaa pale nikisema vipele vya joto hivyo, vitaisha. Nina umri wa miaka hamsini na minne, na nilimwacha mwanangu akae na njaa ili nisiaibike.

Alasiri moja mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni la Liz, lakini hakumpa ziwa.

"Labda maziwa yangu ndio mbaya," alisema. "Kesho naanza kumpa ya duka."

Hapo nilishindwa. Nilitoa tyubu nikaiweka mezani.

"Si maziwa yako. Ni mimi. Nilimpaka hii."

Liz aliisoma tyubu yote, mbele na nyuma.

"Wapi?"

"Masikioni."

"Na mimi ulinipaka?"

"Wewe ulizaliwa na masikio mekundu, kama ya baba yako."

"Kwa hivyo mimi niliokolewa na masikio," alisema.

Alimnyonyesha kwanza, akamfunga mgongoni, akaenda hospitalini na ile tyubu mkononi. Nilibaki nikiviangalia vidole vyangu. Nilitamani anitukane.

Aliporudi alikuwa na dawa, na daktari alikuwa amesema yatapona yakiachwa. "Hiyo daftari yako ya kushukuru," aliniambia, "andika kila siku vile masikio yake iko. Mpaka ipone. Lakini usimguse."

Nikawa nakuja kila asubuhi, nakaa kwenye stuli hatua mbili kutoka kwenye beseni, mtoto anaogeshwa na mama yake. Nilimpigia simu jirani wa kibanda changu cha Isebania atoe krimu zote kwenye rafu. Niliandika. Siku ya kwanza: mekundu, yanavuja maji. Siku ya nne: yanabambuka. Siku ya sita ngozi ya juu ilitoka, chini pakaonekana rangi ya waridi, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Kidogo tu, kabla sijajikamata. Hilo pia niliandika, maana Liz husoma.

Siku ya tisa weusi ulianza kurudi pembeni. Siku ya kumi na tatu Liz aliligeuza sikio kuelekea dirishani ili nione vizuri. Niliandika: Masikio ya Scovia yamerudi meusi. Nashukuru. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushukuru ngozi katika daftari lile, na haikuwa yangu.

Liz alisoma. Kisha alimzungushia mtoto leso mara mbili, mpaka shingoni, akamleta kwenye stuli.

"Mshike na leso," alisema.

Nikampokea hivyo hivyo, kitambaa kikiwa kati ya mikono yangu na ngozi yake.